Rubani aliyefichwa na wakulima

Jina la Ian Smith nimelijua kabla sijajua Rhodesia iko upande gani wa dunia. Mjomba wangu, kaka yake mama, aliendesha lori njia ya Zambia miaka ile ya mwisho ya sitini, mapipa ya mafuta kwenda, shaba kurudi, na kila akitukalisha watoto kutuhadithia walivyolala siku tatu porini gari limezama kwenye tope mpaka ekseli, alikuwa anamalizia na maneno mawili tu, "Smith huyo." Basi mimi nikakua nadhani Smith ni jina la tope, au la ule mteremko wa Kitonga enzi hizo hakuna lami, yaani kitu kibaya kilichopo tu barabarani na watu wazima wanakilaani.

Nimekuja kuyasoma maisha yake nikiwa mtu mzima, mjomba keshatangulia mbele ya haki, na kuna kipande kimoja cha maisha hayo kimenikaa moyoni mpaka leo. Ndo nataka nikiandike hapa, maana naona wengi wetu tunamjua Smith wa mwaka 1965 tu, yule waziri mkuu wa kizungu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) mwenye uso mkavu kwenye picha, hatumjui kijana wa miaka 25 aliyekuwa amejificha milimani Italia, analishwa na wakulima.

Tuanze nyuma kidogo. Alizaliwa tarehe 8 Aprili 1919 Selukwe, siku hizi panaitwa Shurugwi, mji mdogo wa migodi katikati ya Zimbabwe ya leo. Baba yake alikuwa Mskoti aliyehamia huko, mchinjaji wa nyama, mfugaji na mtu wa migodi pia. Kijana akasoma shule ya Chaplin pale Gwelo (Gweru ya sasa), kwa masimulizi yote alikuwa mtu wa michezo kuliko wa vitabu, halafu akaenda Afrika Kusini, chuo cha Rhodes kule Grahamstown, kusoma biashara. Vita kuu ya pili ikamkuta chuoni. Mwaka 1941 akajiunga na jeshi la anga la Uingereza, na mafunzo ya urubani akayapatia hukohuko kwao karibu na Gwelo, maana Waingereza walikuwa wameigeuza Rhodesia kuwa darasa kubwa la marubani, anga jeupe na mbali na Wajerumani. Akapangiwa kikosi namba 237, kikosi cha Warhodesia, wakapelekwa Mashariki ya Kati.

Sasa ule uso. Watu wengi waliamini alipigwa risasi vitani. Hapana. Tarehe 4 Oktoba 1943, alfajiri, kule Idku nchini Misri, anaruka na ndege aina ya Hurricane, ndege ikakosa nguvu wakati inaondoka ardhini, ikagonga kizuizi na kuanguka. Taya likavunjika, mguu ukavunjika, bega likavunjika, uso ukasagika. Madaktari wa jeshi pale Cairo wakaujenga upya kwa upasuaji wa kupandikiza ngozi, kazi ya miezi, lakini upande mmoja haukurudi sawasawa, jicho likabaki limelegea na misuli haichezi vizuri. Baadaye akiwa waziri mkuu watu wakimtazama kwenye televisheni wanaona mtu asiyetikisika, hacheki hakasiriki, wazungu wake wakasema huyu ndo mwanaume wa chuma. Mimi nadhani ule uso ulimsaidia sana kisiasa. Makovu ya vita yalionekana kama tabia, na wapiga kura wake waliisoma hiyo tabia kila siku gazetini.

Baada ya ajali ile walimwambia abaki Misri awe mwalimu wa marubani. Akakataa, akataka kurudi kikosini, na hapa lazima niseme ukweli, huo ni ujasiri, sina neno lingine. Mtu aliyevunjwa namna ile anarudi tena kwenye ndege ya kivita kwa hiari yake. Katikati ya 1944 yuko kisiwa cha Corsica anaendesha Spitfire, wanavuka bahari kwenda kushambulia reli na magari ya Wajerumani kaskazini mwa Italia. Tarehe 22 Juni wakiwa wanashambulia treni bonde la mto Po, mizinga ya ardhini ikaipata ndege yake, akaruka na parachuti, akatua kwenye milima ya Liguria.

Hapa ndo naomba tutulie.

Fikiria mahali penyewe. Vijiji vya wakulima maskini, milima, misitu, na Wajerumani wameikalia nchi. Sheria ya wakati ule kila mtu anaijua, ukimficha askari wa adui au mpiganaji wa msituni unapigwa risasi na nyumba inachomwa moto, na haikuwa vitisho vya mdomo, mwezi wa nane mwaka huohuo kwenye kijiji cha Sant'Anna di Stazzema, mkoa jirani wa Toscana, wanajeshi wa SS wa Hitler waliua raia kama 560 kwa muda wa asubuhi moja, wanawake na watoto wamo. Kwenye hali hiyo anadondoka kijana mgeni kutoka angani, Kiitaliano hajui hata neno, na familia moja ya wakulima kwa jina la Zunino ikamchukua na kumficha. Wakamlisha chakula chao wenyewe. Hawakuwa wanamdai wala yeye hakuwa na cha kuwalipa.

Kutoka hapo akajiunga na wapiganaji wa msituni wa eneo la Sassello, wale raia wa Italia waliochukua bunduki kupigana na wavamizi. Akaishi nao miezi kadhaa. Akajifunza Kiitaliano, akashiriki kazi zao za hujuma, akala walichokula, akalala walipolala. Mwishoni mwa mwaka, baridi imeshaingia, yeye na wanajeshi wenzake wachache waliokuwa wamepotelea huko wakaamua kuvuka milima kwa miguu kuwatafuta Washirika (Waingereza, Wamarekani na wenzao) upande wa Ufaransa, safari ya siku nyingi kwenye theluji, na inasemwa mwisho alikuwa anatembea peku juu ya barafu mpaka Novemba 1944 alipoangukia mikononi mwa Wamarekani. Na bado hakutosheka, akarudishwa kazini, akamalizia vita akiruka juu ya Ujerumani mwaka 1945.

Kwa hiyo huyu mtu alikuwa mpiganaji wa msituni. Wajerumani walikuwa na jina lao kwa watu wa aina hiyo, majambazi, na wakiwakamata hawawahesabu kama askari. Alijua kwa mwili wake maana ya kugongewa mlango usiku na mama wa kijijini akakupa mkate na hamwulizani maswali. Kipande hiki ndicho ninachotaka tukishike tunavyoendelea.

Alirudi nyumbani akamaliza shahada yake, na 1948 mambo matatu yakamjia pamoja. Akamwoa Janet Watt, mwalimu, mjane aliyekuwa na watoto wawili. Akapata shamba lake, Gwenoro, karibu na Selukwe. Na akaingia bungeni akiwa na miaka 29, mbunge mdogo kuliko wote. Askari wa kizungu waliorudi vitani walisaidiwa kupata ardhi, na nchi ikafungua mlango kwa walowezi wapya kutoka Uingereza, na ili ardhi ipatikane familia za Kiafrika zikawa zinahamishwa kutoka maeneo yaliyoitwa ya wazungu kwa sheria ya ardhi ya 1930, zinarundikwa kwenye maeneo ya hifadhi yenye mchanga na mawe. Wapo waliohamishwa ambao watoto wao walikuwa wamepigana Burma na kikosi cha Rhodesian African Rifles, bega kwa bega na wale wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliotoka huku kwetu. Vita ni ileile na mfalme ni yuleyule, lakini mmoja amerudi kapata shamba na mwingine amerudi kakuta kwao pamepimwa pamegawiwa.

Miaka yake ya ubunge wa kawaida siioni ina mengi, alikaa kimya sana, alikuwepo bunge la Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland toka 1953, akawa mnadhimu wa chama tawala huko, halafu 1961 akajitoa kwa kuipinga katiba mpya iliyowapa Waafrika hata vile viti vichache. Chama cha Rhodesian Front kikaundwa 1962, kikashinda uchaguzi Desemba mwaka huohuo, na Aprili 1964 wenzake wakamwondoa waziri mkuu Winston Field kwa kuonekana mlegevu mbele ya London, wakamweka yeye. Waziri mkuu wa kwanza wa nchi ile aliyezaliwa humohumo, na alijivunia sana hilo, kana kwamba mamilioni ya wengine waliozaliwa humohumo hawakuwepo. Viongozi wa Kiafrika wakaendelea kujazwa vizuizini. Nkomo akapelekwa Gonakudzingwa, huko porini mpakani na Msumbiji. Mugabe alikaa ndani zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1966 mtoto wa Mugabe, mdogo wa miaka mitatu, akafariki kule Ghana, na baba akaomba ruhusa akazike. Akakataliwa. Kila nikifika hapo kwenye historia hii nasimama kidogo, mimi pia ni mzazi.

Basi ikaja tarehe 11 Novemba 1965, saa saba na robo mchana, sauti yake redioni inatangaza Rhodesia imejitangazia uhuru. Tarehe haikuwa ya bahati nasibu. 11 Novemba ndo siku Waingereza wanakumbuka askari wao waliokufa vitani, na saa saba mchana ya Salisbury (Harare ya leo) ni saa tano asubuhi ya London, ile saa ya ukimya. Alitaka waone, sisi tuliwapigania na nyinyi mnatutupa. Tamko lenyewe walilitengeneza kwa kufuata lile la Wamarekani la 1776, isipokuwa ile sehemu ya binadamu wote kuzaliwa sawa, hiyo hawakuiweka. Wazungu walikuwa kama 220,000. Waafrika milioni nne.

Kwetu huku kishindo kilifika haraka. Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ukaazimia kwamba Uingereza isipomzima Smith hadi tarehe 15 Desemba, wanachama wavunje nao uhusiano. Siku ilipofika ni nchi chache tu zilizotimiza na Tanzania ilikuwa mojawapo, Mwalimu akijua kabisa kuna mkopo wa pauni milioni 7.5 kutoka London unaokwenda kupotea, na kweli ukazuiwa. Kwa nchi ya umri wa miaka minne ile hela ilikuwa ni barabara, ni shule, ni visima. Zambia nayo ikabanwa shingo, mafuta yake yote yalikuwa yanapitia Rhodesia, Smith akafunga. Mpaka ndege za jeshi la anga la Uingereza, jeshi lilelile alilolitumikia yeye, zikawa zinabeba mapipa kuwapelekea Wazambia. Na mapipa mengine ndo hayo ya kina mjomba, Dar mpaka Tunduma mpaka Copperbelt, vumbi kiangazi na utelezi masika, malori yanaporomoka makorongoni, madereva wengine hawakurudi. Mjomba alikuwa na kovu refu mkononi la huko na hakuwahi kutueleza vizuri lilitokana na nini, alisema tu mwenzake alikuwa upande wa pili wa kabini.

Mwaka 1968 likafunguliwa bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar mpaka Ndola, na waliolijenga ni Waitaliano. Sijui kwa nini hilo linanigusa, kampuni ni kampuni, lakini nikifikiria wale wakulima wa Liguria nalo linanijia kichwani. Halafu reli ya TAZARA, kilomita 1,860, Wachina na Watanzania na Wazambia, 1970 mpaka 1975, na pale Gongo la Mboto kuna makaburi ya Wachina waliofia kazi ile. Ukipita hiyo njia leo, reli ile na bomba lile, kwa sehemu kubwa unapita kwenye jibu la Tanzania na Zambia kwa mtu mmoja na kundi lake.

Sasa turudi kwenye kile kipande tulichokishika. Vita vya ukombozi vilipokolea kaskazini mashariki mwa Rhodesia kuanzia Desemba 1972, wapiganaji wa ZANLA, jeshi la chama cha ZANU, wengi wao wamepitia mafunzo kwenye kambi za huku kwetu kama Mgagao kule Iringa, waliingia vijijini usiku. Wanakijiji waliwaita vakomana, yaani vijana. Kulikuwa na wasichana waliopika na kupeleka chakula porini, wanaitwa chimbwido, na wavulana wa kupeleka habari na kuangalia kama askari wanakuja, wale ni mujibha. Usiku kuna pungwe, mikutano ya nyimbo na mafundisho mpaka alfajiri. Ni watu maskini wa mlimani wanamlisha kijana mwenye bunduki kutoka mbali, kwa sababu wamechoka na aliyewakalia.

Na serikali ya yule rubani ikafanya nini? Januari 1973 ikaweka sheria ya faini ya pamoja, kijiji kizima kinalipa, ng'ombe wanachukuliwa, maduka na shule na vinu vinafungwa kwa sababu mtu fulani alimpa fulani sadza, yaani ugali. Kutoripoti kwamba umewaona wapiganaji ni jela ya miaka mingi. Mwaka 1974 eneo la Chiweshe, watu karibu elfu 50 wakatolewa makwao ndani ya wiki chache wakaingizwa kwenye vijiji 21 vya uzio, na lango, na taa, na amri ya kutotoka usiku, sababu ni moja tu, chakula kisiwafikie vijana. Mpango huo ukasambazwa nchi nzima, mwisho mamia ya maelfu wakawa wanaishi ndani ya waya. Na 23 Novemba 1977 ndege zake zikavuka mpaka kupiga kambi ya Chimoio, Msumbiji, wakafa watu kwa mamia na mamia, na pale hapakuwa na wapiganaji tu, kulikuwa na hospitali na watoto wa shule.

Nimejaribu sana kujiuliza alikuwa anawaza nini. Kuna siku yoyote aliletewa taarifa mezani, mama fulani wa Chiweshe amekamatwa kwa kuwapikia magaidi, akamkumbuka mama wa kwa Zunino? Maana hakuwa mtu wa kusahau Italia, aliisimulia maisha yake yote, kwa upendo kabisa, akisifu ukarimu wa watu wale. Na jibu ninalolifikia kila mara linaniumiza, kwamba kwake hayo hayakuwa mambo mawili yanayofanana. Hakuona. Aliamini kwa moyo wote kwamba Waafrika wa nchi yake ndo wenye furaha kuliko wote barani, alikuwa akiyasema hayo hadharani, na kwamba wale vijana wametumwa na Wakomunisti tu. Mtu mweusi kupenda nchi yake kwa namna ileile Mtaliano alivyoipenda ya kwake, hilo wazo halikumwingia. Machi 1976 alisema redioni haamini utawala wa Waafrika walio wengi, hata kwa miaka elfu. Septemba mwaka huohuo, baada ya Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, na Vorster, waziri mkuu wa Afrika Kusini, kumbana Pretoria, akarudi redioni kukubali kwamba utakuja ndani ya miaka miwili.

Miaka ya mwisho naipitisha haraka. Makubaliano ya ndani na Askofu Muzorewa 1978, nchi ikapewa jina la Zimbabwe Rhodesia ambalo hakuna aliyelitambua, halafu mazungumzo ya uhuru ya Lancaster House London 1979. Siku ya kutia saini, 21 Desemba, Smith hakwenda, jioni ile alikula chakula na marubani wenzake wa zamani wa vita, akiwemo Douglas Bader yule aliyeruka vitani bila miguu. Nchi inakabidhiwa na yeye yuko mezani na wenzake wa miaka ya arobaini. Nadhani hapo ndipo alipokuwa kwao hasa, kuliko hata Selukwe.

Siku hizi nakuta vijana mitandaoni, na baadhi ni Wazimbabwe waliochoka na nina haki gani ya kuwalaumu, wanaandika bora Smith, angalau mkate ulikuwepo. Nawaelewa. Mugabe alifanya mambo ya kutisha, mauaji ya Gukurahundi pale Matabeleland ni damu, na uchumi kila mtu aliuona. Lakini naomba tusichanganye. Vita vile viliua zaidi ya watu 20,000, na vingeweza kuepukwa kama 1964 wangekaa mezani na kina Nkomo, ambao wakati ule walikuwa wanadai kura tu. Aliyefunga watu miaka kumi kisha akashangaa wametoka na uchungu, huyo naye ana mkono kwenye yaliyofuata. Kikundi cha Renamo kilichoisambaratisha Msumbiji kilianzishwa na idara ya ujasusi ya Rhodesia, na Msumbiji walilipia mpaka 1992.

Na yeye mwenyewe? Hakuna aliyemgusa. Baada ya uhuru wa 18 Aprili 1980 alikaa bungeni mpaka 1987, anamshambulia Mugabe kwa maneno, anaishi Harare nyumba ya kawaida jirani na ubalozi wa Cuba, jina lake liko kwenye kitabu cha simu, watu weusi wanamsalimia mtaani naye anaitikia. Alifariki Cape Town tarehe 20 Novemba 2007, na miaka 88. Majivu yake familia iliyarudisha Shurugwi.

Mjomba aliniambia kitu kimoja kuhusu ile Aprili ya 1980. Walikuwa wameegesha Makambako, usiku, madereva kama kumi na redio moja juu ya boneti, na bendera ya uwanja wa Rufaro, Salisbury, iliposimuliwa inapanda hakuna aliyeshangilia kwa muda kidogo. Halafu mzee mmoja wao, aliyeanza njia ile 1966 na aliyezika wenzake wawili kando ya barabara, akauliza, "Sasa na wale wa Kitonga nani atawaambia?" Wakawasha magari saa kumi alfajiri, mzigo ulikuwa unasubiriwa Kapiri, Zambia.